Vikombe Ndani ya Katoni ya Samaki

Ting.

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, mara moja tu, na Mama Marthe akaketi kitandani ghafla, mkono kifuani.

"Nani amevunja?"

"Hakuna kilichovunjika, Kambo," mjukuu wake Précieuse alijibu kutoka upande wa jiko. "Ninakoroga chai. Lala, hata majogoo hayajaamka."

Lakini Marthe hakulala tena. Ilikuwa asubuhi ya tatu sasa. Kila kitu kilichogonga kingine nyumbani mwake, sahani, kufuli, kijiko cha mjukuu, kililia kama ile katoni.

Mnaikumbuka katoni. Juma lililopita, katika hadithi yetu, tuliwaacha wote wamesimama kwenye banda la mizigo, pale uwanja wa ndege wa Kalemie, mvua inapiga mabati. Katoni ya samaki ilikuwa imetupwa juu ya rukwama, ikateleza, ikaanguka, ikalia. Na samaki hawalii.

Papa Blanchard, shefu wa kampuni ndogo ya ndege aliyokuwa akiifanyia kazi Marthe, alikata kamba mwenyewe. Akapangua ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kwa mkono. Chini yao akakuta birika na vikombe kumi na viwili vya kaure, vyeupe, vyenye ndege wa buluu, vimekuwa vipande vipande. Akachukua karatasi ya mizani, akasoma kwa sauti: "Samaki, kilo kumi na nne." Kisha akainua macho na kuuliza nani aliandika.

Nani alijibu?

Marthe alifungua mdomo. Mwandiko ulikuwa wake, miaka kumi na moja kwenye mizani ile, nani asiyeujua? Lakini sauti haikutoka.

"Njo mimi, shefu."

Aliyesema alikuwa Delphin, mbebaji aliyeiangusha katoni. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka kwenye kidevu.

"Wewe umeandika? Tangu lini unakamata kalamu?"

"Mwenye muzigo aliniambia mimi kama ni vikombe. Nikasahau. Nikamwambia Mama Marthe aandike samaki. Kosa yote ni yangu."

Papa Blanchard akamgeukia Marthe. "Mama, njo vile ilikuwa?"

Marthe alitazama viatu vyake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Na Papa Blanchard, mtu mwenye haraka, akauchukua ule ukimya akaufanya jibu.

Delphin alivua jile lake la njano, kile kizibao cha wabebaji, palepale, akalitundika kwenye msumari, akatoka mvuani.

Sasa sikieni lile ambalo banda zima halikulijua.

Uwanjani pale, kitu cha kuvunjika kina njia yake. Mwenye mzigo anasema kilichomo, Marthe anabandika etiketi nyekundu, wabebaji wawili wanakibeba, kinawekwa karibu na mlango wa ndege, peke yake, bila kitu juu yake. Samaki nao wana njia yao. Wanatupwa. Wanarundikwa nyuma kabisa, chini ya wavu, maana wananuka na wanavuja, na hakuna abiria anayetaka begi lake lilale nao.

Lakini mwezi mmoja nyuma, begi lenye etiketi nyekundu lilifika mwisho wa safari limechanwa, viatu vya bibi arusi havimo. Hakuna aliyejua ni wapi njiani. Kwa hiyo alipokuja Mama Rosalie kutoka Katanika, kambi ya waliokimbia vita, kwa miguu, na beseni la vikombe kichwani, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, wataniibia?", Marthe alimhurumia. Akainama akamnong'oneza:

"Tafuta katoni ya samaki. Panga ndakala juu. Nani atafungua samaki? Mimi nitaandika samaki."

Ushauri wake. Mdomo wake. Kalamu yake.

Alichosahau ni kitu kimoja tu, kitu alichokiona kila siku kwa macho yake: hakuna anayeiba samaki, lakini hakuna anayewabeba kwa upole pia.

"Kambo, kunywa, itapoa," alisema Précieuse, akiweka kikombe mbele yake. "Na leo wanasoma majina ya waliomaliza kulipa minerval ya shule. Jina langu limo."

"Limo," alisema Marthe.

Chai ilipoa. Hakuigusa.

* * *

Jile la njano lilikuwa bado kwenye msumari. Hakuna mbebaji aliyelitoa. Walilipita wakiinamisha kichwa kidogo, kama watu wanaopita karibu na msiba.

"Mama Marthe, karibia." Papa Blanchard alikuwa na karatasi mbili mezani na katoni mbili sakafuni. "Wakubwa watakuja Ijumaa kwa komisio, kuamua hii mambo. Ninataka hii kitu iishe mbio. Utaenda Katanika kwa mwenye vikombe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Wewe uko mama, unajua kusema polepole. Katoni hii ni vipande vyake. Hii ingine ni malipo."

Marthe aliinua kifuniko cha ile ya pili. 

"Shefu, hii ni ndakala."

"Karatasi inasema samaki. Kampuni inalipa kilichoandikwa. Kilo kumi na nne, nimepima mwenyewe, nimeongeza hata kidogo." Alionekana kweli kufikiri kwamba amefanya wema. "Halafu atie sahihi hapa."

Marthe alisoma. *Mimi niliyetia sahihi, ninashuhudia kwamba nilimjulisha mbebaji Delphin kuwa katoni yangu ina vikombe.*

"Akitia sahihi, Delphin anakuwa nini?"

"Delphin anafukuzwa, tunafunga dosye, mambo imeisha."

"Na asipotia?"

Papa Blanchard alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Asipotia, Mama, itabidi niulize upya nani aliandika. Na mimi sitaki kuuliza upya. Unanielewa?"

Marthe alikunja karatasi mara nne. Bado ilikuwa nzito.

* * *

Barabarani alipunga mkono, pikipiki ikasimama. Dereva akavua kofia ngumu.

"Mama wa mizani! Leo unapima mimi ao ninapima wewe?"

Alikuwa Delphin.

Marthe alitaka ardhi imfunike. "Delphin. Tangu lini una pikipiki?"

"Haiko yangu. Ni ya Urbain, jirani, anaumwa malaria. Tunagawana. Panda, mama. Unaenda wapi?"

"Katanika."

Delphin aliziangalia zile katoni. Hakuuliza. Ile ya vipande aliifunga mwenyewe mbele yake, juu ya tangi, akaizungushia koti lake. Ile ya ndakala akaifunga nyuma kwa mpira. Mtu aliyemkosesha kazi alikuwa nyuma yake, na alichofanya ni kugeuka na kusema, "Nishike vizuri, kuna mashimo."

Walikwenda mwendo wa kobe. Baada ya daraja Marthe hakuweza tena.

"Kwa nini ulisema njo wewe?"

"Eeh, mama."

"Nijibu."

Delphin alikwepa mbuzi wawili kwanza. "Miaka ine tunafanya kazi pamoja. Kila saa sita unafungua bukari yako, unakula nusu, unasema, 'Delphin, nimeshiba, maliza, isitupwe.' Miaka ine unashiba na nusu ya bukari! Unafikiri mimi sikujua? Glodie, muke wangu, anasema, mama huyu ana tumbo ya ndege."

Alicheka. Marthe hakucheka. Nusu ya bukari, ugali wa mtu mmoja. Mtu amevua kazi yake kwa nusu ya bukari, na yeye ameikubali zawadi hiyo akitazama viatu.

"Na kuna ingine," Delphin aliendelea, sauti imeshuka. "Siko mutakatifu. Nilipoinua ile katoni, mikono yangu ilijua. Samaki hawatembei vile ndani ya katoni. Kitu kiligusa kitu. Nikasema, Delphin, hii haiko samaki. Lakini mvua ilikuwa inapiga, rubani anapiga kelele, nikasema, bah, imeandikwa samaki. Nikatupa." Alikwepa shimo. "Kwa hiyo usilie huko nyuma. Ninasikia."

"Silii."

"Bon. Ni mvua, basi."

Jua lilikuwa likiwaka.

* * *

Kabla pikipiki haijazimwa, mwanamke mrefu, mwembamba, alitoka kwenye nyumba ya turubai akipiga makofi.

"Mado! Wamama! Kujeni muone! Huyu njo Mama wa mizani niliyewaambia!"

Mama Rosalie alimkumbatia Marthe mbele ya watu wote. Akamshika uso kwa mikono miwili.

"Mungu akuongezee siku. Vimefika? Rachelle wangu amevipokea? Mimi sina simu, na Papa Didier aliyesafiri na katoni kwa jina lake hajarudi."

Papa Didier alikuwa tayari ameketi ndani ya ndege mzigo ulipoanguka. Hakujua chochote.

Marthe alijaribu kusema. Jirani, Mama Mado, mnene, mchangamfu, alimtangulia.

"Mama, akili yako ni ya ajabu! Hata mimi nimetafuta katoni ya samaki. Picha yangu ya ndoa, na kioo yake, kubwa hivi, inaenda Ijumaa kwa dada yangu. Nimeshapanga ndakala!"

"Itoe," alisema Marthe.

"Ati?"

"Itoe, mama yangu. Leo hii. Sema ni kioo, wabandike nyekundu, wabebe watu wawili. Usinifuate mimi. Usimfundishe muntu mwingine. Ninakuomba."

Makofi yalikoma. Mama Mado alimtazama Marthe, akamtazama Rosalie, kisha akawakusanya wanawake wenzake kwa mikono yake minene akaondoka nao bila kuuliza neno. Hata hilo Marthe aliliona: kwamba mama yule mwenye maneno mengi alijua saa ya kuyaacha.

Rosalie aliwaketisha. Kiti kilikuwa kimoja, akampa mgeni. Delphin aliingia nyuma yao akiwa ameibeba katoni kwa mikono miwili, hatua fupifupi, kama anayebeba mtoto mchanga aliyelala. Akaiweka juu ya mkeka bila kufanya sauti hata kidogo.

Katoni ile ile. Sasa ndipo alipoibeba hivyo.

Rosalie aliifungua. Alitoa kipande kimoja, akakiweka mkekani. Kingine. Kingine. Hakulia. Alipanga mikono ya vikombe upande mmoja, mabawa ya ndege wa buluu upande mwingine. Chini kabisa akakuta kifuniko cha birika, kizima, hakina hata mchubuko.

"Vilikuwa vya mama," alisema, kana kwamba anamweleza mtu mwingine. "Alifulia masista Nyunzu miaka makumi mawili, wakampa siku walipoondoka. Kwetu, bibi arusi anampikia baba mukwe chai ya kwanza na vikombe hivi. Mimi nilifanya. Rachelle angefanya Jumamosi, huko Lubumbashi."

Aligeuza kifuniko mkononi.

"Nilikimbia Nyunzu mara mbili. Ya kwanza nilikuwa na mimba ya Rachelle. Beseni kichwani, vikombe ndani ya vitenge na majani ya mihogo. Tulilala porini, tulivuka mito. Watu walitupa masufuria, walitupa magodoro. Mimi nilicheka nao, nikasema, mutanikuta na vikombe vyangu. Sikuvunja hata mukono wa kikombe kimoja, mama. Hata kimoja."

Marthe alihisi kila neno likimwingia kama mwiba wa samaki.

"Na hii?" Rosalie aliigusa katoni ya pili.

"Malipo," Marthe alinong'ona. "Karatasi inasema samaki. Wanalipa samaki."

Rosalie alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, na Delphin aligeuza uso kuutazama ukuta wa turubai.

Hapo ndipo simu ya Marthe ilipolia. Papa Blanchard, na sauti yake ilijaa chumba chote kile kidogo.

"Mama! Wakubwa hawakungoja Ijumaa! Wamefika na ndege ya asubuhi, wanarudi jioni. Komisio ni leo saa nane! Leta karatasi na sahihi. Saa nane, Mama!"

Simu ikakatika. Rosalie alinyoosha mkono.

"Karatasi gani?"

Hakukuwa na pa kujificha. Marthe aliikunjua. Rosalie alisoma akifuata neno kwa kidole, kama masista walivyomfundisha mama yake, na mama yake akamfundisha yeye. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Hapa wanasema nilimwambia Delphin. Mimi sijui Delphin."

"Njo mimi, mama," alisema Delphin haraka, akipiga goti. "Tia sahihi. Mikono yangu njo ilivunja. Ukitia, kila kitu kinaisha. Huyu mama ana mutoto wa masomo nyumbani. Mimi nina mikono, nina pikipiki..."

"Pikipiki ya nani?" aliuliza Rosalie.

Delphin akatazama mkeka.

"Sijawahi kukuona hata siku moja, mwanangu. Basi kuna muntu anasema uongo hapa. Ni nani?"

Nje, wanawake walikuwa wakitwanga. Kinu kilipiga mara tatu, mara nne. Marthe aliona jile la njano kwenye msumari. Aliona jina la Précieuse kwenye orodha ya shule.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, acha!" Delphin alimshika mkono.

"Niache. Nimeacha siku tatu." Alimgeukia Rosalie. "Hukumwambia yeye, uliniambia mimi. Mimi nilikufundisha samaki, mimi niliandika samaki. Waliponiuliza nilifunga mdomo, na huyu kijana akabeba. Nimekuja hapa na karatasi ya kumfukuza, ndani ya mfuko wangu, juu ya pikipiki anayoendesha yeye. Nilitaka utie sahihi. Njiani kote nilikuwa ninaomba utie."

Rosalie alikilaza kifuniko mkekani. Aliinuka, akachochea makaa, akabandika maji. Wote wawili walimtazama wakifikiri amekasirika kupita maneno. Kumbe alikuwa akipika chai. Alimpa Delphin kikombe cha plastiki cha kijani, Marthe cha bati.

"Kunyweni. Wageni wangu hawatoki na kiu."

Marthe alikunywa. Ndiyo iliyokuwa chai yake ya kwanza tangu alfajiri, na ilimchoma koo.

"Ulinihurumia," alisema Rosalie. "Hiyo ninaijua, na sitaisahau. Wengi pale uwanjani walinipita kama nguzo. Wewe uliinama. Lakini umeniletea mubaya mbili, mama. Ya kwanza ni hivi vipande. Ya pili ni hii karatasi. Vipande ni bahati mubaya. Karatasi haiko bahati."

"Ninajua."

"Sitatia sahihi. Na sitaandika jina lako pia. Mimi nimepoteza vikombe, sitapoteza na usingizi kwa kuchagua nani alale njaa. Hiyo ni kazi yako. Saa nane, mbele ya wakubwa wako."

Alikunja karatasi, bila sahihi, akairudisha mkononi mwa Marthe. Kisha akachukua kile kifuniko kizima cha birika, akakipangusa vumbi la ndakala kwa ncha ya kitenge chake, akakiweka juu ya karatasi.

"Shika na hii."

"Hapana, Mama Rosalie! Ndicho tu kilichobaki!"

"Ndiyo maana ninakupa wewe. Ukinyamaza tena leo, umpe muntu yeyote aniletee, nitaelewa. Sitakusema kwa watu."

Delphin alikuwa ameshatoka kuwasha pikipiki. Jua lilikuwa limesimama katikati. Saa nane haikuwa mbali, na njia ilikuwa na mashimo.

Marthe alisimama mlangoni, kifuniko kimekumbatiwa kwa mikono miwili, hajui aseme kwaheri kwa uso gani. Rosalie alimshika kiwiko, kama mtu anavyomshika dada yake.

"Lakini ukisema ukweli, hata kama wamekufukuza, hata kama unakuja kwa miguu, usimtume muntu. Ulete wewe. Nitabandika maji, nitakungoja. Rudi unitembelee, mama."